Ukuta Unaovuta Maji

Fundi niliyefuatana naye Mji Mkongwe, Unguja, aliingia chumba cha chini na kuugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Plasta ilitoa mlio wa debe tupu: imeshaachana na jiwe. Akakwangua unga mweupe uliotokeza juu ya rangi, akauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. "Ukuta unavuta maji," akasema.

Vitabu vya ujenzi vingeandika hapo "unyevu". Si kosa, lakini neno ni pana mno. Hewa ya masika ina unyevu, hata mkate una unyevu. "Rutuba" lingetufaa, kwani katika Kiarabu lilikotoka maana yake ni unyevu huohuo. Bahati mbaya kwetu limeshahamia shamba, na mwenye nyumba akiambiwa ukuta wake una rutuba atauliza apande nini.

Mimi nachukua neno la fundi. Maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia vitundu vya jiwe, kama mafuta ya taa kwenye utambi, tuyaite "uvutaji maji". Ya mvua yanayoingilia juu au ubavuni yawe "upenyaji". "Unyevu" libaki jina la hali. Istilahi iliyobeba kitenzi humfanya mtu aulize maji yametoka wapi, na mara nyingi jibu liko nje, hatua chache tu: gata iliyoziba kwa majani, bomba la mvua lililokatika nusu ya ukuta, mche wa mtini uliochipua kwenye ufa, uchochoro uliomwagiwa zege hadi ukakipita kizingiti.

Halafu kuna saruji, na hapa huwa nakosa subira. Kuta zile za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo maji yakiiingia hutoka tena kwa mvuke. Ukizipiga plasta ya saruji umeyafungia ndani. Hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuibandua, na boriti za mikoko huozea ncha zilizochimbiwa ukutani, mahali pasipoonekana. Kupaka chokaa mara kwa mara, kazi ambayo wengi huiona urembo wa sikukuu, kuliziba nyufa ndogo kabla mvua hazijazikuta.

Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua ndoo mbili za rangi. Fundi hakuzitazama. Aliomba ngazi.