Mpira: kinga yake dhidi ya kuvu

Mpira wa misitu ya Amazon, uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis, ndio mti utoao sehemu kubwa mno ya utomvu unaotengenezewa magurudumu duniani. Na kinga yake dhidi ya kuvu imewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja, aghalabu kwa sababu ya adui mmoja, Pseudocercospora ulei, aliyeelezwa mwaka 1904 kutokana na majani yaliyokusanywa na Mjerumani Ernst Ule.

Kuvu hii haina nguvu juu ya jani lililokomaa. Hulivamia lingali changa, lenye rangi ya shaba, likining'inia laini. Madoa yenye unga kama mahameli hutokea upande wa chini, jani hujikunja, hugeuka jeusi na kuanguka, na lile lisalialo hai huota chembe nyeusi zikwaruzazo kidole kama msasa. Kwa hiyo mti upukutishao majani yote kwa pamoja wakati wa kiangazi, ukachipua upya kabla ya mvua, hupata salama ambayo mwenziwe, achipuaye kidogo kidogo katika unyevu, haipati.

Kinga iliyo ndani ya jani ina ajabu yake. Mpira ni wa ukoo mmoja na muhogo, na kama muhogo mchungu, jani lake likijeruhiwa hutoa sumu ya sianidi. Mtu angedhani sumu hiyo ni silaha ya mti. Kumbe kuvu huistahimili, na jani lenyewe ndilo linaloathirika, kwa kuwa sumu hulizuia kutengeneza skopoletini, dawa yake ya asili ya kumkomesha adui. Imeonekana kwamba jani lenye sumu nyingi aghalabu ndilo dhaifu zaidi.

Msituni miti hii humea mmoja hapa na mwingine mbali kule, na umbali huo nao ni kinga. Henry Ford alipoanzisha shamba la Fordlandia, kando ya mto Tapajós, mwaka 1928, miti ilipandwa kwa msongamano, na matawi yalipokutana maradhi yakaenea. Belterra, lililofuata mwaka 1934, nalo halikusalimika, na mwaka 1945 yote mawili yalirejeshwa kwa serikali ya Brazili. Hata hivyo huko ndiko zilikozaliwa nasaba chotara ziitwazo FX, nyingi zikipata kinga kutoka kwa jamaa ya mpira, Hevea benthamiana, ila kinga hiyo, kwa kutegemea jeni chache, ilivunjwa na aina mpya za kuvu ile ile. Wataalamu wengine walibebesha mti mara mbili: mizizi ya mche wa kawaida, shina la mti mwingi wa utomvu, na juu yake kichwa cha mti wenye kinga. Ni kazi ya gharama, lakini huzaa matunda.

Mipira ya Asia kwa sehemu kubwa ni uzao wa mbegu alizozichukua Henry Wickham mwaka 1876, nayo haina kinga ya kutosha. Hata hivyo maradhi haya hayajaonekana huko, wala katika mashamba ya Afrika, ya Kihuhwi wilayani Muheza yakiwa miongoni mwake. Basi msafiri atokaye mashamba ya mpira ya Amerika asibebe jani wala kijiti, na afue nguo zake na aoshe viatu vyake kabla ya kukanyaga shamba jingine.