Cornell 1970: Msimu Bora Ulikuja Baada ya Dryden

Ukiwauliza mashabiki wa hoki ya barafuni ya Chuo Kikuu cha Cornell, New York, wengi watamtaja kwanza golikipa Ken Dryden. Ni haki yake, maana alikuwepo golini timu ilipotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1967. Lakini sisi tunaona msimu bora ni ule uliofuata alipoondoka.

Mwaka 1969 Cornell ilifungwa na Denver 4-3 katika fainali, kisha Dryden akahitimu. Brian Cropper akashika nafasi yake. Chini ya kocha Ned Harkness, msimu wa 1969/70 timu ilicheza mechi 29 ikashinda zote. Katika fainali mjini Lake Placid iliifunga Clarkson 6-4, na beki Dan Lodboa akapachika mabao 3 kipindi cha tatu.

Hadi leo, hakuna bingwa mwingine wa wanaume wa daraja la kwanza aliyemaliza msimu bila kufungwa wala kutoka sare.

Chuoni kila nyota huhitimu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na timu ya 1970 ilithibitisha hilo.