Besi ya Pwani: Kutoka Vumi Hadi Ukulele

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, bendi iliyotoka Mombasa kwenda kupiga muziki Malindi ilivuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa feri. Magita yalikaa mapajani mwa wenyewe. Ngoma zilipangwa nyuma ya gari. Spika ya besi, kasha zito la mbao la kubebwa na watu wawili, ndiyo iliyoamua nani apate nafasi ya kukaa na nani asimame. Anayetaka kuelewa kwa nini besi imebadilika sura mara nyingi hapa pwani na aanzie kwenye mzigo huo: itabebwa na nani, kwa chombo gani, na hewa ya chumvi itaifanyaje ikishafika.

Sauti nene yenyewe imekuwepo hapa kabla gita halijajulikana. Katika chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, zipo chapuo, msondo na vumi. Chapuo na msondo hujibizana na kupamba, lakini vumi ndiyo ngoma kubwa inayokaa chini ya zote, na wachezaji huirudia kiunoni hata wakati masikio yao yanafuata mwimbaji. Vumi haisemi maneno mengi. Hupiga, ikanyamaza, ikapiga tena, na nafasi iliyo kati ya pigo na pigo ndiyo inayompa mchezaji mahali pa kuuzungushia mwili. Naomba msomaji aishike nafasi hiyo akilini, maana mpiga besi wa pwani asiyeijua atapiga noti zote sawasawa na bado watu watabaki vitini.

Besi ya nyuzi ya hali ya chini kabisa tunaipata Unguja, katika muziki wa kidumbak. Kikundi cha kidumbak kina fidla, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbak, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa, na besi yake ni sanduku: kasha la mbao la kusafirishia majani ya chai, fimbo moja na uzi mmoja. Mpigaji hudonoa uzi kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine ukiukaza na kuulegeza kwa ile fimbo ili sauti ipande na kushuka. Hakuna alama ya kumwonyesha noti ilipo. Sikio ndilo linalomwongoza, na pale anapokosea kidogo mdundo humfichia, kwa sababu pigo la sanduku ni zito, fupi, na hufifia mara moja. Taarabu kubwa za Unguja, Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club ya mwaka 1958, zilikuja kuwa na besi kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu. Hiyo ni ala ya ukumbini. Sanduku ni ala ya uani, na harusi nyingi huchezwa uani.

Huku pwani ya bara, njia ya besi ilipita kwenye matarumbeta. Freretown, makao ya watumwa walioachiwa huru, ilianzishwa na wamisionari wa Kiingereza ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mnamo miaka ya 1870, na bendi ya matarumbeta ilikuwa sehemu ya maisha ya pale. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ngoma ya beni ilishika moto Mombasa na Lamu, vikundi vikishindana kwa sare, kwa gwaride na kwa ngoma kubwa ya kifuani. Freretown hiyohiyo ndiko alikotoka Joseph Ngala, Mzee Ngala wa saksofoni, mwasisi wa bango. Bango limechanganya rumba, jazi na midundo ya Wamijikenda, na hadi leo kutoka Mombasa hadi Malindi harusi au matanga yakikosa bango waliohudhuria hulalamika. Msikilize mpiga besi wa bango anavyotembea chini ya saksofoni bila haraka. Kazi yake imekaa karibu sana na ile ya vumi.

Halafu zikaja hoteli. Malindi ilianza kupokea wageni wa mapumziko tangu miaka ya 1930, na utalii ulipopanuka baada ya uhuru, bendi ya hotelini ikawa ajira. Jina kubwa hapa ni Them Mushrooms, kundi la ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni, lililoundwa mwaka 1972. Mwaka 1982 walitoa Jambo Bwana, wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, na mwaka uliofuata Boney M wa Ujerumani wakautoa kwa mtindo wao. Wengi wanaukumbuka kwa maneno yake ya salamu. Mimi huwaomba wanamuziki vijana wausikilize tena kwa sikio la besi. Besi ya hotelini ilikuwa na masharti yake: isikike ufukweni bila kuwazuia wageni kuzungumza mezani, ibebe rumba saa moja jioni, regge saa mbili na chakacha saa tatu, na usiku ikishafungwa iwe tayari kwa hoteli nyingine kesho yake.

Gita la besi la umeme ndilo lililoifanya kazi hiyo. Mmarekani Leo Fender alitoa lake mwaka 1951, likiwa na nyuzi za urefu wa takriban sentimita 86 kutoka daraja hadi kichwa cha shingo. Ni ala ya kutegemewa, na sina neno baya juu yake isipokuwa mambo mawili ya huku kwetu: ni zito begani kwa mtu anayepiga saa nne mfululizo, na nyuzi zake ni za chuma. Jasho na upepo wa kusi havina huruma na chuma. Uzi uliokuwa unang'aa hupoteza sauti kwanza, kisha hushika kutu, na seti mpya ya nyuzi za besi si kitu cha kununua kila mwezi kwa malipo ya harusi.

Hapo ndipo besi ya ukulele inapostahili kutazamwa kwa makini. Ukulele una asili ya kibaharia kama miji yetu. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag iliwashusha Honolulu vibarua wa mashamba ya miwa kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, na kigita chao kidogo kikazaa ukulele wa Hawaii. Kuufanya uwe besi kulichukua zaidi ya karne. Mwaka 1986 kampuni ya Guild ilitoa Ashbory, besi fupi iliyobuniwa na Waingereza Alun Ashworth-Jones na Nigel Thornbory, yenye nyuzi za mpira wa silikoni zenye urefu wa sentimita 46 tu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Owen Holt na kampuni ya Kala ya California wakaliweka wazo hilo ndani ya mwili wa ukulele mkubwa, na besi ya ukulele ikaanza kuuzwa duniani.

Siri iko kwenye uzi. Uzi mfupi kwa kawaida hutoa sauti nyembamba. Ili ushuke hadi noti ya chini kabisa ya besi, mitetemo kama 41 kwa sekunde, inabidi ama ulegezwe ama uongezwe uzito. Chuma kikilegezwa kiasi hicho hugongagonga shingo tu. Mpira mnene hukubali, kwa hiyo ala ya nyuzi za sentimita 52 hivi huwekwa kwenye noti zilezile nne za gita la besi, na vidole vya mpigaji havihitaji kujifunza upya mahali pa kukaa. Na mpira haushiki kutu. Kwa mtu wa Watamu au Mambrui sababu hiyo moja inatosha kumfanya asimame dukani na kuuliza bei.

Sauti yake ndiyo iliyoniteka kabisa. Pigo ni la duara, zito, halikawii kufifia. Ni la jamaa ya sanduku la kidumbak. Katika chakacha ya mapigo sita hali hiyo ni neema, kwa sababu noti hujiondokea yenyewe na kuacha ile nafasi ya vumi. Katika bango la polepole huipisha saksofoni. Kwa muziki wa benga siwezi kuipendekeza: besi ya benga hukimbia na kudonoa kwa ukali ikijibizana na gita, na uzi wa mpira hauna makali hayo. Bendi inayoishi kwa benga na ibaki na gita lake.

Anayenunua aangalie mwili kabla ya rangi. Mbao nzima hupendeza, lakini unyevu wa pwani huivimbisha, na ala iliyoachwa ndani ya gari juani hubanduka gundi ya daraja. Plaiwudi nzuri huvumilia zaidi. Mwili wenye uwazi hupigisha spika yowe ikikaribiwa, kwa hiyo bendi inayocheza na jenereta na spika kubwa itafaidika na ile ya mwili usio na uwazi. Mpigaji asidanganyike kwamba udogo unamwondolea ampli. Sanduku lilisikika ua mzima bila waya wowote, lakini besi ya ukulele isipochomekwa humtosha mwenyewe chumbani tu, na kikuza sauti chake kidogo hula betri. Betri ya akiba ikae mfukoni kila onyesho.

Nyuzi mpya hunyumbuka kwa siku kadhaa. Huvutwa kwa mkono, zikakazwa, zikavutwa tena, na kabla hazijatulia si busara kwenda nazo harusini. Vidole vyenye jasho hunata juu ya mpira, ndiyo maana wapigaji wa Ashbory walizoea kujipaka poda, na dawa hiyo inafaa huku pia mwezi wa Februari. Mkono wa kulia uwe mwepesi. Ukiuchapa uzi kwa nguvu kama wa chuma, noti hupanda kwanza kisha ikarudi mahali pake, na mwimbaji ataisikia kabla yako.

Dukani, usiijaribu peke yako ukiwa umekaa kwenye kiti. Nenda na mpiga ngoma wenu, ichomekeni kwenye ampli ya ukubwa mnaoutumia, apige chakacha, na wewe usimame hatua tatu mbali naye usikilize kama noti ya chini bado inasikika pigo lake linapoanguka.