Mota Isiyoingia: Jinsi Mashine Zilivyopima Vita vya Mezani

Treni ndiyo iliyoamua kimo cha askari wa mchezo. Baadaye ikaja betri, nayo ikaamua ukubwa wa kifaru. Nayasema haya kwa sababu wenzangu wa vita vya mezani hapa Leicester, watu wanaoweza kukutajia rangi ya kola ya kila kikosi cha Napoleon, huvichukulia vipimo vya sanamu zao kama vitu vilivyoshuka na mvua. Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani, na nimejifunza kusuka mota kabla sijaota ndevu. Jicho langu huenda kwenye mashine kwanza. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiunda treni ya mota kwa ajili ya mchezo wetu wa Vita vya Tanga, na kila kikwazo nilichogonga nimekuta kuna mtu aliyekigonga kabla yangu. Namna alivyokikwepa ndiyo leo inaitwa kipimo rasmi.

Nianze na sababu ya treni. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari HMS Fox iliingia bandari ya Tanga, na nyuma yake kulikuwa na meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken. Mjini ulinzi ulikuwa haba mno. Nahodha wa Fox alishuka kudai mji usalimishwe, kisha Waingereza wakapoteza saa nyingi wakisafisha mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Wakati huohuo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa Moshi akipakia kampuni zake kwenye mabehewa. Reli ile ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911: kilomita 352, upana wa mita moja. Hadi asubuhi ya tarehe 4 Tanga ilikuwa na watetezi wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, na siku hiyo wakawarudisha nyuma Waingereza. Watu hupenda kusimulia habari ya nyuki walioshambulia majeshi katika vichaka vile. Nyuki walikuwepo, lakini mji uliokolewa na reli.

Katika michezo mingi ya Vita vya Tanga niliyoiona, kampuni za kutoka Moshi huletwa kwa kurusha dadu. Ikitoka sita, askari huwekwa ukingoni mwa meza kana kwamba wameota hapo. Sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Aliyetoka Moshi alisafiri, na adui aliyekuwa bandarini alikuwa na nafasi ya kumwahi. Treni lazima ionekane ikija.

Sasa turudi nyuma. Mwaka huohuo wa 1893, reli ilipokuwa ikianza kujengwa Tanga, William Britain mdogo alikuwa London akigundua namna ya kumimina askari aliye mtupu ndani. Unamimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni kwenye kalibu. Sehemu inayogusa kuta hupoa kwanza, na wewe unaigeuza kalibu kabla ya katikati kuganda, ujiuji unamwagika kupitia tundu. Kinachobaki ni gamba la askari. Askari huyo alitumia risasi kidogo kuliko wale wa Ujerumani waliojaa madini hadi ndani, kwa hiyo aliuzwa kwa bei ndogo akawashinda sokoni. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba familia ya Britain ilikuwa ya mafundi wa vitu vya kujiendesha. Kabla ya askari walitengeneza sanamu za kukaza kwa ufunguo, mojawapo ikiwa farasi wa sarakasi anayezunguka huku mpanda wake akiruka.

Kimo chao kikawa milimita 54, kwa kuwa kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilikuwa imepanga reli za mchezo kwa namba mwaka 1891, na askari wa milimita 54 walisimama vizuri kando ya treni za Namba 1, zenye upana wa milimita 45. Mtoto aliyekuwa na treni angenunua askari, na mwenye askari angetamani treni. Ilikuwa hesabu ya duka, na ilikuwa hesabu nzuri.

Askari hao ndio H. G. Wells aliowatandaza sakafuni mwake alipoandika Little Wars, kitabu kilichotoka mwaka 1913 na ambacho wachezaji wengi hukiona kama chanzo cha mchezo wao. Wells mwenyewe anasema wazi kwamba mchezo ule uliwezekana baada ya kupatikana mzinga mdogo wa springi unaorusha kijiti cha mbao. Kwa umbali wa kama mita nane uliweza kumwangusha askari mara tisa katika kumi. Mzinga ule ndiyo mashine ya kwanza ya mchezo huu: springi inakazwa, inafyatuka, mtu anaanguka. Ukiutoa, kitabu kizima hakipo. Wells alikimaliza kitabu kwa kuilaani vita halisi, na mwaka uliofuata vita halisi ikaja, ikafika mpaka Ras Kasone, pale Tanga.

Baada ya vita hiyo nyumba za Uingereza zilikuwa na nafasi ndogo zaidi kwa treni kubwa. Mwaka 1922 kampuni ya Bing ya Nuremberg ilitoa treni ya mezani, iliyouzwa Uingereza na Bassett-Lowke, ikiwa na reli ya milimita 16.5. Hapa ndipo fundi mota anapoanza kutabasamu. Treni za Uingereza ni nyembamba na fupi kuliko za bara la Ulaya, kwa sababu madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na yakabana. Ukipunguza kichwa cha treni ya Uingereza kwa uwiano wa 1:87, ule unaolingana na reli ya milimita 16.5, mota ya enzi zile haiingii. Basi wakaiacha reli kama ilivyo, wakaipanua bodi: milimita 4 kwa kila futi, yaani 1:76. Hornby Dublo, iliyotoka Liverpool mwaka 1938, ilikifanya kipimo hicho kuwa mazoea ya nchi nzima. Hata leo treni za mchezo za Uingereza hupita juu ya reli ambayo, ukiikuza, ni nyembamba kwa karibu sentimita 18 kuliko reli ya kweli. Dosari hiyo imerithiwa kizazi hadi kizazi kwa sababu ya mota moja nene.

Kipimo hicho kikaingia kwenye vita vya mezani pia. Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ilitoa askari wake wa kwanza wa plastiki, na juu ya visanduku ikachapa HO-OO, majina ya reli, ili wenye treni wajue kwamba wanafaa. Vifaru vyake vikafuata kwa 1:76. Bei yake mtoto wa shule aliimudu. Mwaka 1962 Donald Featherstone, aliyekuwa tabibu wa viungo huko Southampton, alichapisha War Games, na wasomaji wake wakajaza meza zao kwa plastiki hiyo. Kwa hiyo kijana aliyepigana Waterloo juu ya meza ya chakula alitumia wapanda farasi waliopimwa kwa mota ya treni.

Nikiwa Tanga sikujua lolote kati ya hayo. Nilichojua ni mota. Tulizitoa kwenye redio kaseti mbovu, nyingi zikiwa zimeandikwa Mabuchi, tukaziunganisha na betri kuzungusha feni za kopo. Fundi aliyenifundisha, tuliyemwita Babu ingawa hakuwa na undugu nasi, alikuwa akiishika mota sikioni kabla ya kuifungua, na kwa mlio tu akakwambia kama ni bushi iliyoisha au waya ulioungua. Alinifundisha kwamba mota hupewa nafasi yake kwanza, ndipo kitu kingine kifuate.

Nilikuja kukuta mafundi wa Shizuoka, Japani, walifanya hivyohivyo. Kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ikaingia kwenye vielelezo vya mbao, kiwanda kikaungua mwaka 1951, wakaanza upya. Mwaka 1960 walitoa kielelezo chao cha kwanza cha plastiki, manowari Yamato, na mshindani akawapiga kwa bei hadi wakapata hasara. Kilichowainua kweli ni kifaru cha Kijerumani, Panther, kilichoingia madukani kati ya mwisho wa 1961 na mwanzo wa 1962. Walikichagua kwa kuwa kuta zake ni bapa na zimeinama, rahisi kuchongea kalibu. Tena kilitembea: mota, gia, minyororo, kikapanda juu ya vitabu sakafuni.

Tumbo la kifaru lilipaswa kumeza betri mbili nene, zile ambazo Wajapani huziita za namba mbili. Bodi ikachorwa kuzizunguka. Shunsaku Tamiya ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba kifaru kilipopendwa, alitaka kutoa vingine vya ukubwa uleule, akakipima, akakuta ni kama sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi. Hivyo 1:35 ikawa kipimo cha dunia. Viwanda vya Italia, Korea na Hong Kong vikakifuata, na vifaru vingi vilivyotengenezwa baadaye havina mota kabisa. Betri ziliondoka, tumbo likabaki na ukubwa wake.

Treni yangu nayo ilitaka nichague kipimo. Askari wetu ni wa plastiki, 1:72 na 1:76 wamechanganywa, kama ilivyo kwenye meza nyingi za hapa. Reli ya Tanga ni ya mita moja. Kwa 1:76 inatakiwa milimita 13 na kidogo. Reli ya kuchonga mwenyewe ningeweza, lakini ya milimita 12 ipo madukani, imenyooka, na viungo vyake havikatiki. Nimechukua ya milimita 12. Kwa hiyo reli yangu nayo ni nyembamba kuliko ile ya kweli, na sioni haya: nimesimama pale waliposimama watu wa 1922.

Tatizo gumu ni kwamba kati ya magurudumu ya reli hiyo hubaki kama milimita 10. Mota ndogo yenye gia ninayoitumia ina upana wa milimita 12 kwa 10. Ukiilaza haipiti, ukiisimamisha inapita kwa kukwaruza, na mota inayokwaruza itaungua. Kichwa cha treni chenyewe ni kidogo, na nilikataa katakata kukinenepesha. Nikafuata njia ambayo Hornby walikuja kuitumia miaka ya sabini, walipoanza kuficha mota kwenye behewa la makaa nyuma ya kichwa. Mota yangu imekaa juu ya magurudumu ya behewa la kwanza la mizigo, imefunikwa kwa shehena, na behewa hilo ndilo linalosukuma kichwa. Kichwa chenyewe nimekijaza vipande vya risasi ili magurudumu yasielee. Fimbo za pembeni, nilizokata kwa bati la kopo na kusawazisha kwa tupa, zinazunguka kwa sababu magurudumu yanasukumwa, na mtazamaji haoni tofauti.

Mwendo ulinisumbua kuliko umbo. Treni za mchezo hukimbia mno. Nimechagua mota ambayo gia zake zinaishusha hadi mizunguko 30 kwa dakika. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 10, treni inatembea chini ya mita moja kwa dakika. Meza yetu ni ya mita 1.8. Inachukua karibu dakika mbili kutoka ukingo hadi kituoni, ikipita kwenye bonde lililochimbwa kwa ajili ya reli ambapo mapigano yalikuwa makali.

Sasa tunabishana juu ya sheria. Mwenzangu anayecheza upande wa Aitken anataka treni ianze safari anaposhusha askari wa kwanza Ras Kasone. Nimemkatalia. Waya wa betri unaunganishwa mara Fox inapowekwa bandarini, na kila zamu anayotumia kutafuta mabomu majini ni sekunde kumi za mota. Akitaka kuiwahi treni, ashuke papo hapo anapofika. Hilo Aitken hakulifanya, na mchezaji wake awe huru kulifanya.