Vilho Tuulos

Vilho Immanuel Tuulos (26 Machi 1895 – 2 Septemba 1967) alikuwa mwanariadha wa Ufini aliyeshindana hasa katika miruko mitatu. Alizaliwa na kufariki mjini Tampere. Alipata medali katika Michezo ya Olimpiki mitatu mfululizo: dhahabu moja na shaba mbili.

Katika miruko mitatu mwanariadha hukimbia, kisha huruka mara tatu bila kusimama. Mruko wa kwanza huangukia mguu uleule aliorukia, wa pili huangukia mguu mwingine, na wa tatu huishia kwenye mchanga.

Michezo ya Olimpiki

Ufini ilipata uhuru kutoka Urusi mwaka 1917, na Olimpiki ya 1920 mjini Antwerp, Ubelgiji, ilikuwa ya kwanza kwake kama nchi huru. Tuulos alishinda kwa kuruka mita 14.505, akiwatangulia Waswidi Folke Jansson na Erik Almlöf.

Mwaka 1924 mjini Paris aliruka mita 15.37, yaani zaidi ya sentimita 86 kupita mruko uliompa dhahabu. Hata hivyo alishika nafasi ya tatu, kwa kuwa Nick Winter wa Australia aliweka rekodi ya dunia ya mita 15.525, na Luis Brunetto wa Argentina alifika mita 15.425. Katika michezo hiyohiyo Tuulos alikuwa wa nne katika kuruka mbali.

Mwaka 1928 mjini Amsterdam, akiwa na umri wa miaka 33, alipata shaba tena kwa mita 15.11. Mshindi alikuwa Mikio Oda wa Japani kwa mita 15.21, akifuatwa na Levi Casey wa Marekani. Mruko wa Tuulos wa mwaka 1924 ungetosha kumshinda Oda.

Mruko wake bora

Mruko mrefu kuliko yote aliyoruka Tuulos ulikuwa wa mita 15.48, mwaka 1923. Ulipungua sentimita 4 tu kufikia rekodi ya dunia ya wakati huo, mita 15.52, iliyowekwa na Dan Ahearn wa Marekani mwaka 1911.

Tuulos ndiye Mfini pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika miruko mitatu.