Jina la Kuvishwa

Jina ni vazi la kwanza la mwanadamu. Ajichaguliaye jina ana mamlaka asiyokuwa nayo yule aliyevishwa na mwingine.

Mwezi wa Mei 1871 alifariki huko Stockport, Uingereza, Pablo Fanque, mtu mweusi aliyemiliki sarakasi. Alizaliwa Norwich akiitwa William Darby. Jina la Fanque alilitwaa kwa ajili ya kazi yake. Farasi walikuwa mali yake, na wanawe walicheza uwanjani kama warithi wa ufundi wa baba yao.

Mwaka uo huo, huku Tabora, njia panda ya misafara ya pembe na watumwa, mtoto mmoja alipoteza jina lake. Aliitwa Ndugu Mhali. Mwarabu mmoja alimtoa zawadi kwa Henry Stanley, aliyekuwa amezuiwa Kwihara na vita vya Mirambo. Stanley hakulipenda jina hilo, ambalo alilifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Akawaita watu wake washauriane. Mmoja alitaja Simba, mwingine Ng'ombe, mwingine Mirambo, wakacheka. Ulimengo akasema Kalulu, yaani mtoto wa swala, likakubaliwa. Mtoto hakuulizwa.

Mwaka 1872 alivushwa bahari. London alipigwa picha kando ya bwana wake mbele ya mandhari ya kuchorwa, na sanamu yake ya nta ikawekwa katika nyumba ya Madame Tussaud. Marekani alisimamishwa mbele ya wasikilizaji wa hotuba za Stanley. Mwaka 1873 jina lake likauza kitabu cha hadithi. Fanque alionyesha kazi yake; Kalulu alionyeshwa yeye mwenyewe.

Mtu aweza kusema kwamba alilishwa, alivishwa na kusomeshwa, na hayo ni kweli. Lakini Kalulu alijibu kwa miguu yake. Mwaka 1876, safari ya pili ya Stanley ilipofika Ziwa Tanganyika, alitoroka. Alitafutwa, akapatikana, akarudishwa. Tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa maji. Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu.

Tembe la Kwihara sasa ni makumbusho, na wageni huelezwa habari za Livingstone aliyekaa humo. Ni haki waelezwe pia kwamba hapo Kwihara mtoto aitwaye Ndugu alivuliwa jina lake.