Nambari na Haki: Asili ya Wastani wa Alama katika Vyuo Vikuu

Wastani wa alama huzungumzwa vyuoni kana kwamba ulizaliwa pamoja na vyuo vikuu vyenyewe. Sivyo. Bologna, Paris na Oxford ziliishi karne nyingi bila kumpa mwanafunzi nambari yoyote. Aliyehojiwa kwa mdomo mbele ya walimu wake alikubaliwa au alikataliwa. Nambari ni mgeni wa juzi, na mgeni huyu amekabidhiwa funguo za nyumba nzima: ajira, ufadhili wa masomo, hata nafasi ya kuendelea kusoma.

Mwaka 1785 Ezra Stiles, rais wa chuo cha Yale huko Marekani, aliandika katika shajara yake kwamba wanafunzi 58 walitahiniwa na kugawanywa katika mafungu manne yenye majina ya Kilatini: 20 walikuwa bora kabisa, 16 bora wa daraja la pili, 12 wa chini, na 10 hafifu. Yafaa izingatiwe kwamba mgawo huo uliwahusu watu, si karatasi zao. Katika karne ya 19 chuo hicho kikaanza kutumia nambari zisizozidi 4, na mwaka 1897 chuo cha wanawake cha Mount Holyoke kikatumia herufi. Huko A ilikuwa 95 hadi 100, B 85 hadi 94, C 76 hadi 84, na D ilikuwa 75 tu, wala si zaidi wala si pungufu. Aliyepata chini ya hapo alianguka. Herufi yenye upana wa alama moja tu yatosha kuonyesha kwamba mipaka hii ilichorwa kwa mkono wa binadamu.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kwa sheria ya mitihani ya mwaka 1800, Oxford ilianza kutenga wenye kustahili heshima, na kutoka hapo yakakua madaraja ya shahada yanayojulikana leo. Daraja halikuwa jumla ya hesabu. Lilikuwa hukumu ya jopo la watahini waliosoma kazi yote ya mwanafunzi na kujadiliana. Hukumu ya namna hiyo ina siri zake na upendeleo wake, lakini haikujidai kuwa kipimo cha mizani.

Walioishuku mizani yenyewe hawakuchelewa kutokea. Mwaka 1888 Francis Ysidro Edgeworth, mwanauchumi na mtaalamu wa takwimu, alichapisha uchunguzi kuhusu takwimu za mitihani. Hoja yake ilikuwa kwamba alama ya mtahini mmoja ni kama kipimo cha mpiga ramani: ina kosa, na kosa hilo laweza kukadiriwa. Alama ya kweli, ikiwa ipo, ni ile ambayo ingepatikana kwa kuchukua wastani wa mahakimu wengi wenye ujuzi. Aliye karibu na mpaka, basi, hutegemea bahati kuliko anavyodhani. Mwaka 1912 Starch na Elliott, huko Marekani, wakapeleka nakala za jibu lile lile la Kiingereza kwa walimu wengi. Walimu 142 walilisahihisha, na alama zao zikatofautiana kutoka 64 hadi 98. Waliposema watu kwamba lugha ndiyo yenye utata, watafiti hao wakajaribu jometri, na hali ikawa mbaya zaidi: mmoja alitoa chini ya 30, mwingine zaidi ya 90.

Uchunguzi uliochapishwa na Hartog na Rhodes mwaka 1935 ulikwenda mbali zaidi. Karatasi 15 za historia, ambazo hapo awali zote zilikuwa zimepewa alama sawa, zilisahihishwa upya na watahini 15. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, watahini 14 kati yao walipewa karatasi zile zile bila kumbukumbu ya alama zao. Katika hukumu 210 za kuanguka, kupita au kupita vizuri, walizigeuza 92. Hapa hapakuwa na ugomvi kati ya mtahini na mwenziwe. Mtu alitofautiana na nafsi yake.

Afrika ya Mashariki ilirithi desturi ya Uingereza moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1949 Makerere ilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa zilikuwa za London. Nairobi nayo ikaingia katika uhusiano huo mwaka 1961. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, Julius Nyerere akiwa mkuu wake, mtahini wa nje alibaki kuwa mdhamini wa haki: alama ya Makerere, Nairobi au Dar es Salaam ilitakiwa iwe na thamani moja. Chuo hicho kilivunjika mwaka 1970 na kuzaa vyuo vikuu vitatu. Lililovunjika pamoja nacho, ingawa halikutangazwa, ni kipimo cha pamoja.

Matokeo yake yaonekana dhahiri. Nairobi alama 70 ni A. Katika utaratibu wa wastani uliotumika Makerere, 70 ilikuwa B, na A ilianzia 80. Mwajiri anayeona herufi peke yake haoni tofauti hiyo. Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi imo ndani ya hesabu yenyewe. Dar es Salaam kwa miaka mingi ilitumia kipimo ambacho 70 na zaidi ilikuwa A yenye pointi 5, na 60 hadi 69 ilikuwa B+ yenye pointi 4; daraja la kwanza lilianzia 4.4. Ichukuliwe mifano miwili ya kufikirika, ya masomo kumi yenye uzito sawa. Mwanafunzi wa kwanza amepata 69 katika yote: wastani wake halisi ni 69, pointi zake ni 4.0, na daraja lake ni la pili la juu. Wa pili amepata 70 katika masomo matano na 60 katika matano: wastani wake ni 65, pointi zake ni 4.5, na amepata daraja la kwanza. Aliyejua zaidi amewekwa chini, wala hakuna mtahini aliyekosea. Kosa ni la utaratibu uliotupa alama halisi na kubakiza herufi.

Kwa idara za Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Lahaja ya Unguja ilipendekezwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia usanifu huo. Mwanafunzi wa Mombasa aandikaye *mato* badala ya *macho*, au *ndia* badala ya *njia*, atasifiwa katika karatasi ya ushairi na kukatwa alama katika karatasi ya insha, pengine na mhadhiri yule yule na katika muhula ule ule. Alama mbili au tatu anazopoteza hapo ndizo zitenganishazo 69 na 70.